Kumi na Nne

Jeraniumu tuliifungia kabatini siku tatu
pamoja na ramani kuukuu na fuvu la kondoo,
ishikwe na njaa.
"Isipomaliza akiba yake," alisema Mwalimu Kalipa,
"jani litatudanganya."

Lilikwisha kutudanganya.
Mara ya kwanza hatukuwa na subira:
usiku mmoja tu wa giza, tukaitoa,
na tulipodondosha aidini jani likawa jeusi lote,
kutoka kikonyo hadi ncha,
jeusi la wanga wa juma lililopita.
Nurgazy akasema sayansi ni uongo.
Mwalimu akampa kitambaa afute meza.

Nje, Naryn yote imeganda,
mto peke yake unabisha katikati.
Ndani, bomba la joto linakoroma,
na kila kundi linakata umbo katika karatasi nyeusi:
nyota, mpira, moyo uliopinda
(mwenye moyo hakutaja jina, nasi hatukuuliza,
tulijua).

Begimai alikata namba.
Moja ilikuwa rahisi, ufa tu.
Nne ikamsumbua: kila akiizungusha wembe
tumbo lake lilidondoka, kipembetatu,
likaacha tundu lisilosema kitu.
Mara tatu alianza upya.
Mwishowe akaiacha wazi juu,
kama waandikavyo wenye haraka.

Akaibana karatasi juu ya jani.
Tukaisogeza jeraniumu dirishani, taa tukaiwasha,
maana jua la Februari huku huingia darasani
kama mgeni asiyevua koti.

"Kumi na nne ya nini?" nilimuuliza.
"Baba alisema atarudi tarehe kumi na nne."
Yuko Yekaterinburg, anapiga plasta maghorofa.
"Ya mwezi gani?"
Akatazama saa ya ukutani.

Kesho yake jioni tukalichuma.
Maji yalichemka, jani likazama, likalegea.
Mwalimu akazima jiko kwanza,
ndipo akatoa spiriti katika kabati
ambalo ufunguo wake huuvaa shingoni
tangu mlinzi wa usiku aanze kuipenda biolojia.
Koleo letu lilikuwa limevunjika kweli;
tukatumia vijiti vya aiskrimu, uhunzi ukaendelea.

Ndani ya bika, kijani kilitoka taratibu
kikaipaka spiriti,
na jani likabaki jeupe, gumu,
ganda la kitunguu la kuvunjika kwa pumzi,
hadi tulipolirudisha kwenye maji ya uvuguvugu.
Ungelitazama pale ungesema
hapa hapajaandikwa kitu.

Aidini, tone kwa tone,
ileile ya chupa tunayopaka magoti.
Kwanza kahawia tu.
Nurgazy akajiandaa kucheka.
Kisha moja.
Kisha nne, wazi juu,
ya buluu iliyokolea hadi ikawa usiku,
kingo zake zikitetemeka kidogo
kama imeandikwa na mtu aliye safarini.

Hakuna aliyepiga makofi.
Bomba liliendelea kukoroma.
"Hicho ni chakula," Mwalimu akasema.
"Lilipika pale tu mwanga ulipofika."

Lengo, vifaa, hatua, matokeo:
Begimai alijaza yote kwa mwandiko wake wa kulala.
Kwenye hitimisho aliandika:
*Palipofunikwa hapakufa. Palikosa kula tu.*
Mwalimu akaweka alama ya kuuliza kwa wino mwekundu,
akaitazama,
akaigeuza kuwa vema.

Jumatatu jani lilikuwa limekunjamana juu ya sosa,
rangi imepauka, namba haisomeki.
Lakini alikuwa ameshalipiga picha
na kuituma mbali.
Siku nzima vitiki viwili vya kijivu.
Saa tatu usiku, vikageuka buluu.

*Nne yako,* baba alijibu,
*hukuifunga juu.*